Mwanafunzi mwenye kisukari akae na dawa yake mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa shule za bweni, matroni na wasimamizi wa mitihani, hasa wa huku kwetu Kusini. Nafundisha fizikia shule ya kutwa hapa Newala, na ni mjomba wa binti mwenye kisukari aina ya kwanza. Wamakonde wenzangu wanajua mjomba ana neno gani kwa mpwa wake.

Akiwa kidato cha pili alirudishwa nyumbani na shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Mashine yake ya kupimia sukari na glukosi yake vilifungiwa kabatini, mwenye ufunguo akaenda kulala kwake. Usiku sukari ikashuka, binti akaanza kutetemeka na kusema ovyo, wenzake wakadhani amepandwa na mashetani. Asubuhi dada yangu akapigiwa simu: mtoto hafai bwenini, na masomo ya sayansi yatamchosha, atafutiwe cherehani. Sina neno na cherehani. Nina neno na mtu mzima anayemkatia mtoto njia kwa ugonjwa ambao hajauelewa. Aina hii ya kisukari haiji kwa kula sukari. Kinga ya mwili yenyewe hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Tangu mwaka 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa sindano ya kwanza ya insulini kule Toronto, mtoto wa namna hii anaishi, anasoma, anazeeka.

Sasa binti yuko darasani kwangu, kidato cha nne, na anataka mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Tulipofika mada ya mionzi niliwaeleza kwamba kiini cha atomu kikitoa chembe ya beta (elektroni), hesabu ya nishati haitimii, kuna inayopotea. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alisema ipo chembe nyingine, isiyo na chaji, inayoondoka nayo. Ndiyo nyutrino. Zitokazo kwenye jua hupita kwenye ukucha wa kidole gumba kwa mabilioni kila sekunde, na karibu zote hazigusi kitu. Binti akanyoosha mkono: “Mwalimu, kama hazigusi kitu, walijuaje zipo?”

Jibu lake lilichukua miaka 26. Mwaka 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines waliweka matangi ya maji yenye chumvi ya kadimiamu karibu na tanuri la nyuklia la Savannah River, Marekani, wakavizia mimweko ya mwanga. Kwa saa nzima walipata michache tu. Mwaka 1965 Reines huyohuyo na Friedel Sellschop wa Johannesburg waliweka vifaa zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu karibu na Boksburg, wakawa miongoni mwa wa kwanza duniani kunasa nyutrino zinazozaliwa angani. Ni Afrika hiyo, na wanafunzi wangu walinirudisha hapo mara kadhaa. Japani nako kuna maabara ya nyutrino ya Super-Kamiokande, tani 50,000 za maji safi mita 1,000 chini ya mlima. (Sisi wa Newala, tunaojua bei ya ndoo moja ya maji wakati wa kiangazi, tunaelewa uzito wa tarakimu hiyo.) Mwaka 1998 maabara hiyo ilionyesha kuwa nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na mwaka 2015 Takaaki Kajita akapata Nobel pamoja na Arthur McDonald wa Kanada.

Kazi za watu hao ni kupima, kuandika saa na tarehe, kutilia shaka kipimo, kupima tena. Fungueni daftari la mpwa wangu. Ameandika sukari kabla na baada ya ugali wa muhogo, baada ya ming'oko, baada ya netiboli, na siku za kubangua korosho anapokaa kutwa bila kutembea. Kuna wiki alikunywa chai na kula chapati ileile kila asubuhi, siku moja akitembea kwenda shule, siku ya pili akipanda bodaboda, ili ajue tofauti ni ya mwendo. Hayo sikumfundisha mimi. Huyo ndiye tuliyeambiwa sayansi itamchosha!

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Akae na mashine, sindano na glukosi yake darasani, bwenini na kwenye chumba cha mtihani. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, wala asiachwe peke yake. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na hofu kwamba insulini haikai bila friji imezidi. Utafiti wa Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotumia joto lililopimwa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, na kuchapishwa 2021, ulionyesha insulini inahimili wiki 4 kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa kinatosha kwa kichupa anachotumia.

Kidato cha tano karibu chote ni bweni, kwa hiyo mwakani tutarudi kwenye malango yenu. Ongezeni kwenye fomu ya kujiunga mstari mmoja wa kuruhusu hayo, na jina la mtu mzima anayelala karibu na bweni.

Mwalimu wa fizikia,
Newala, Mtwara