Ugomvi wa uchawi mezani waanzia kitabuni

Mhariri,

Meza nyingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, huvunjika kwa ubishi wa uchawi, si wa panga. Nawaomba wanaoendesha mchezo huu huku kwetu, Tudor, Nyali na Kisauni, wakubaliane kabla ya kikao cha kwanza watatumia kitabu cha sheria cha mwaka gani. Cha 2014 na cha 2024 vyafanana mno, na hapo ndipo balaa huanzia.

Tazama uchawi wa kutoonekana. Toleo la 2014 lasema unakatika aliyefichwa akishambulia au akifanya uchawi mwingine. Sasa mchezaji wa ukoo wa majoka atema moto angali hajaonekana. Je, ameshambulia? Kwa mazungumzo ya kawaida, ndiyo, maana watu wameungua. Lakini sura ya mapigano ya kitabu hichohicho yatoa kipimo: ukirusha dadu ya kushambulia, ile ya kuona kama pigo limempata adui, umeshambulia. Pumzi ya moto haina dadu hiyo. Wanaounguzwa ndio warushao yao ya kujinusuru. Basi uchawi haukatiki. Toleo la 2024 limeziba mwanya huo kwa kuongeza kwamba unakatika pia akimdhuru mtu. Wachezaji wawili wenye vitabu viwili watabishana hadi alfajiri, na kila mmoja ana haki.

Msimamizi wa mchezo asome kwanza maneno ya uchawi wenyewe, kwa sauti, kisha atafute maana ya neno linalotatiza katika sheria za jumla. Zikigongana, sheria mahususi hushinda ya jumla. Anayedai mpira wake wa moto umechoma joho la adui asomewe mstari unaosema huwasha vitu visivyovaliwa wala kubebwa. Bishano limekwisha.

Yapo mambo ambayo maandishi hayamalizi. Mchawi anayeshikilia uchawi kwa umakinifu (ukimpotea, uchawi unakatika) akiumia, hurusha dadu ya pande 20 apate 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa, na hurusha mara moja kwa kila chanzo cha madhara. Vishale vitatu vya uchawi vinavyompiga kwa pamoja ni chanzo kimoja au vitatu? Si swali dogo: anayeongeza 2 kwenye dadu yake, akitakiwa kupata 10, hufaulu kwa asilimia 65 akirusha mara moja, lakini kufaulu mara tatu mfululizo ni kama asilimia 27 tu. Naona uchawi mmoja uhesabiwe chanzo kimoja. Anayeona vingine na aamue hivyo, mradi aandike uamuzi wake daftarini na autumie kwa maadui pia.

Asiye na pesa ya kitabu asikate tamaa: sheria za msingi za toleo la 2014 hupakuliwa bure, na tangu Januari 2023 zina leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kuzitumia. Kurasa za uchawi na mapigano zichapishwe, zikae mezani.

Mpenzi wa michezo ya mezani,
Mombasa