Bosi wangu Mchina anataka nimtafutie mwanae mchongo Uingereza, mtoto mwenyewe hataki

Shikamoo Anti, na wasomaji wote habari zenu. Mniwie radhi barua itakuwa ndefu, hili jambo lina wiki ya tatu halinipi usingizi na huku nilipo sina wa kumwambia, nikimwambia Mbongo mwenzangu kesho soko zima linajua.

Niko Yiwu, China, mwaka wa sita huu. Nawapokea wateja wa Kariakoo na Eastleigh, nawazungusha sokoni, natafsiri, tunapatana bei, mzigo unaingia kontena. Bosi ni mama wa Kichina wa hamsini na kitu, sie tunamwita Laoban, ana ofisi ya kusafirisha mizigo. Kibali changu cha kazi kiko kwa jina la kampuni yake, naomba mlishike hilo.

Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, kazaliwa enzi za ile sheria ya mtoto mmoja kabla hawajailegeza 2016. Dogo kapiga digrii huku huku alafu Septemba mama akampeleka Manchester kusoma masters ya mwaka mmoja. Sasa Anti, hiyo masters ya mwaka mmoja Wachina wenyewe wanaicheka, wanaiita masters ya maji, yani kama uji uliozidi maji. Aliyesoma nje akarudi anaitwa haigui, ukilisikia hilo neno ni kama wametaja kasa wa baharini, ila akirudi akakaa tu nyumbani anasubiri kazi anaitwa haidai, hapo unasikia mwani. Laoban kila siku "sitaki mwani ndani ya nyumba yangu". Kwetu Tanga mwani ni hela, nilijaribu kumwambia hakucheka. Na namwelewa, Juni 2023 serikali yao wenyewe ilitoa hesabu kuwa vijana wa mijini wa miaka 16 hadi 24 wasio na ajira wamefika asilimia 21.3, baada ya hapo wakasimamisha kutangaza kwa miezi kadhaa.

Basi huyu mama usiku halali anampangia mtoto. Wakala wa kuombea chuo kamlipa yeye, magrupu ya WeChat ya wazazi wenye watoto nje yuko nayo manne, sheria za viza za Waingereza anazijua kuliko mwanae, sijui masaa 20 ya kazi kwa wiki wakati wa masomo, sijui ukimaliza unapewa miaka 2 ya kubaki ila atakayeomba kuanzia Januari 2027 atapewa miezi 18. Hiyo miezi 6 anailalamikia kama kaibiwa mfukoni.

Kosa ni langu na mdomo wangu huu. Siku moja tunakula nikamwambia kaka yangu yuko Leeds, yuko ofisini kampuni moja ya mizigo. Nikaona kaweka vijiti chini. Tangu siku hiyo anataka neitui, maana yake mtu wa ndani akupitishie jina, sie tungesema koneksheni. Mwaka mpya wa Kichina akanipa bahasha nyekundu, ndani yuan 8,800, karibu milioni 3 za kwetu, mi nikajua bonasi, nikashukuru mpaka basi. 5,000 nikatuma Muheza mama aezeke nyumba. Wiki haijaisha ananiuliza, kaka yako atamsaidia lini mdogo wako? Anti, nilihisi yale mabati yananiangukia mimi.

Kaka nilipomwambia akanijia juu. Anasema yeye mwenyewe viza yake imeshikwa na mwajiri, kazi watu wanaomba mtandaoni, akipeleka jina alafu ijulikane dada yake kala hela China si ndo atafukuzwa. Kakataa kata kata.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Juzi saa nane usiku dogo kanitumia voisi, "jie (ndo dada), nakuomba mwambie kaka yako anikatae". Kumbe kajitafutia kibarua mwenyewe, siku mbili kwa wiki kwenye kaofisi ka ghala wanakopokea nguo ambazo watu wamenunua mtandaoni wakazirudisha, kapita intavyuu mbili, analipwa. Kanitumia na picha ya kitambulisho, jina wamelikosea herufi, na ye anacheka kabisa kuwa hataki warekebishe. Mama hajui. Anasema akijua ataitafuta kampuni kwenye simu, ataona haina jina, alafu ataanza kupiga simu.

Mi nani wa kumcheka huyo mama lakini? Kazi yangu ya kwanza Tanga niliipata baada ya mama yangu kubeba jogoo kwenda kwa mjomba, na sikuwahi kuuliza kama mwenye haki na ile nafasi ni mimi.

Sa hivi Laoban kakata tiketi ya mwezi wa saba, anamfuata mwanae na atapitia Leeds kumshukuru kaka. Majani ya chai ya kumpelekea keshanunua, ya bei, kanionyesha boksi!

Nifanyeje? Nikisema kaka kakataa ni kweli, ila nitakuwa nimekula hela yake. Nikirudisha bahasha, huku kurudisha zawadi ya mtu ni kumdhalilisha, na zenyewe zimebaki 1,900. Nikimwambia mtoto kashapata kazi nimemsaliti dogo, na yule dogo ananiheshimu. Na kibali changu kinaisha Septemba, wa kusaini ni yeye.

Mliokaa na Wachina nyie ndo nawaomba zaidi, kuna namna ya kulisema hili bila kumuaibisha? Nimtumie mtu mzima aongee nae? Matusi nitayavumilia, ila msiniambie nirudi nyumbani, upande wa jikoni bado haujaezekwa.

Dada wa Yiwu