Uchunguzi wa mimea ufuate msimu, si ratiba ya mwekezaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, katika mijadala ya migodi na miradi mikubwa ya ardhi, husahauliwa mara tu mazungumzo yanapofika kwenye fidia na ajira, nalo ni namna mimea inavyochunguzwa kabla ya kibali kutolewa.

Tathmini ya athari kwa mazingira si jambo geni. Marekani iliiingiza katika sheria yake ya mwaka 1969, na Kanuni ya 17 ya Azimio la Rio, la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, la mwaka 1992 ilizitaka nchi ziifanye kwa shughuli zinazoweza kuleta madhara makubwa. Ripoti, basi, zipo. Kinachonisumbua ni jinsi sehemu ya ripoti inayohusu uoto inavyoandaliwa. Mara nyingi mtaalamu mwelekezi huitwa wakati mwekezaji amekwisha kupanga tarehe ya kuanza kazi, hupewa siku chache, na siku hizo zikiangukia kiangazi, hupita juu ya ardhi ambayo sehemu ya mimea yake haionekani kabisa.

Mimea inayohifadhi chakula chake ardhini, zikiwamo okidi nyingi za ardhini, huchipua na kuchanua kwa muda mfupi, kisha majani yake hunyauka yote. Ile inayoishi msimu mmoja hubaki mbegu tu. Nyasi na ndago ni vigumu kuzitambua kwa uhakika zisipokuwa na maua au mbegu. Kwa hiyo orodha ya safari moja ya kiangazi, hata ikiandikwa na mtu hodari na mwaminifu, huelemea kwenye miti na vichaka. Ripoti ikisema kwamba hakuna spishi adimu iliyoonekana, msomaji wa ofisini huelewa kwamba haipo, na kibali hutolewa kwa msingi huo.

Kwenye migodi hatari huzidi. Baadhi ya udongo ulio juu ya madini una shaba, kobalti au nikeli kwa kiwango ambacho mimea mingi haikihimili, na baadhi ya mimea iliyozoea hali hiyo haioti kwingine. Huko New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, upo mti uitwao Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake ni wa buluu-kijani na, utomvu huo ukikaushwa, takriban robo ya uzito wake huwa nikeli. Vilima vya shaba vya Katanga navyo vina mimea ya pekee. Mchimbaji huufuata udongo uleule ambao mmea hauwezi kuuacha, na ndiyo maana ahadi ya kupanda miti mahali pengine, ambayo husikika vizuri sana mikutanoni, haiwezi kufidia hasara ya namna hii. Hata kuhamisha si jambo jepesi, kwani mbegu ya okidi porini haioti bila kuvu wanaoilisha.

Naziomba mamlaka za vibali ziandike katika hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mtaalamu, kwamba uchunguzi utafanywa wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwamba ripoti itataja tarehe, njia zilizopitwa na maeneo ambayo hayakufikiwa, na kwamba sampuli zitakabidhiwa kwenye hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa (herbaria) iliyo wazi kwa watafiti, ili mtaalamu mwingine aweze kuzihakiki. Ada ya mtaalamu nayo ipitie kwa mamlaka, kwa sababu ni vigumu kumwambia ukweli mchungu mtu anayeshikilia malipo yako.

Najua wawekezaji watalalamikia ucheleweshaji. Lakini utafutaji wa madini kwa kawaida huchukua miaka, na hakuna kinachozuia mtaalamu wa mimea kuingia eneo hilo pamoja na wachorongaji wa kwanza. Mmea adimu ukigunduliwa wakati huo, barabara au lundo la mabaki ya mgodi bado linaweza kusogezwa kwenye ramani kabla fedha nyingi hazijatumika.

Wako,
Msomaji na mtaalamu wa mimea