Salamu za Krismasi, na hii sijakopi

Ndugu, jamaa na marafiki, habari za masiku. Mwaka 2025 ndo huo unaishia na kama kawaida nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, Mungu awape afya, amani na riziki msiyoitegemea. Najua wengi umewabana, vitu vimepanda mshahara umekaa palepale. Kwetu ndo mwaka tuliomzika baba, kwa hiyo maneno ya shangwe sina mengi mniwie radhi, ila kuna kitu nataka nikiseme.

Mama alivyotangulia baba alikaa peke yake karibu miaka sita. Sisi watoto tulikuwa tunatuma hela, tena tunajiona tunajitahidi kweli. Afu mtoto wa jicho akaanza kumsumbua, hata meseji akawa hawezi kusoma. Hapo ndo akapata rafiki, na rafiki mwenyewe nyie acheni tu. Walikutana kwenye foleni ya kliniki ya presha wakagombana nani katangulia. Baba mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo, hata ukimsalimia vibaya anakusahihisha. Yule mzee kaendesha malori maisha yake yote, sauti juu, utani hauna breki. Baba wa kanisani, yeye wa msikitini. Walichofanana ni nyumba kimya na watoto walio mbali. Kliniki iliyofuata wakagombana tena, ya tatu baba kafika hamwoni, akaanza kumuulizia kwa manesi, japo mpaka anakufa alikataa, eti alikuwa anauliza tu mbona foleni leo fupi.

Basi kuanzia hapo kila jioni wako pamoja, "Mwalimu" na "Dereva", wanabishana kuanzia mpira mpaka mvua, sijawahi kusikia wamekubaliana kitu. Dereva ndo akawa macho ya baba, meseji zote anamsomea yeye. Maana yake zile salamu zetu za sikukuu, za kukopi na kutupia watu mia mbili, zilikuwa zinasomwa na Muislamu wa watu kwa sauti ya stendi, moja baada ya nyingine. Krismasi iliyopita nimetuma yangu, ile yenye kengele na maua, dakika mbili simu inaita, napokea sio baba. "Mwanangu, hii ulituma na mwaka juzi. Mwalimu anasema uandike nyingine." Nyuma namsikia baba anacheka mpaka anakohoa. Niliona aibu jamani. Na nyingine sikuandika, nikasema nitapiga jioni, jioni ikapita, na ndo ilikuwa Krismasi yake ya mwisho.

Msibani watu wananiuliza baba alikuwa anatumia dawa gani, mimi mtoto wa kuzaa namtazama Dereva. Yeye alikuwa anazijua zote na saa zake.

Zamani niliposikia Uingereza waliteua waziri wa upweke mwaka 2018, na Japani wakafuata 2021, nilicheka, nikasema hawa wenzetu wana muda. Sicheki tena. Juni mwaka huu Shirika la Afya Duniani limetoa ripoti kwamba duniani mtu 1 kati ya 6 anasumbuliwa na upweke, na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao. Sasa ndugu zangu, hela ya dawa tunatuma, je ya upweke tunatuma nini? Mpigie mzee wako, ukishapiga usiseme upo bize, muache aongee, hata kama stori umeshaisikia mara ishirini muache aimalize. Na huyo mzee jirani unayempita kila siku na shikamoo ya haraka haraka, simama basi. Wahi kabla hujaanza kuongea na picha yake ukutani kama mimi.

Haya, nisiwachoshe, sikukuu njema kwenu wote na mwaka mpya uwe wa baraka na mafanikio.

Na wewe mzee wangu Dereva, shikamoo. Najua utaisoma kwa sauti hata kama upo peke yako. Hii nimeandika mwenyewe, kagua kama ipo ya mwaka juzi. Jumamosi nakuja, nitakaa mpaka jioni, na kubishana nitajitahidi.