Ule mkwaruzo wa volyumu yako

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo na wa kwako wote ni wazima.

Barua yako nimeipata, na ile saketi ya amplifaya yako ya maikrofoni uliyoichora kwa penseli nimeikodolea macho mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Kama nimekuelewa, una malalamiko matatu: volyumu inakwaruza ukiizungusha, sauti inapoteza ukali wake ukiipandisha sana, na juzi spika ilipiga kishindo ukaruka kwenye kiti. Halafu mwishoni unaniambia kama jambo dogo tu kwamba transista ya mbele umeibadilisha mara nne. Mara nne, Hamisi! Ningekuwa karibu ningekunyang'anya pasi ya kuchomelea.

Nianze na hiyo transista, maana ndiyo inayokula muda wako bure. BC547B unazonunua, kiwanda kinakuahidi tu kwamba zinakuza mkondo kati ya mara 200 na 450. Moja inaweza kuwa 210, jirani yake kwenye pakiti hiyohiyo 400, na zote zikipata joto namba inahama tena. Kupanga geini, yaani sauti ikuzwe mara ngapi, kwa kuchagua transista ni kama kupima kitambaa kwa kamba ya mpira. Weka rezista ya omu 470 kwenye mguu wa emita na ya kiloomu 4.7 kwenye mguu wa kolekta, geini itakaa karibu na 10, na hapo chomeka BC547B yoyote utakayoiokota mezani. Umepoteza geini nyingi, ni kweli, ila iliyobaki sasa inashikwa na rezista mbili ambazo hazina kigeugeu.

Aliyeliona jambo hili kwa upana wake ni Harold Black, mhandisi wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani. Simu za masafa marefu zilipitia amplifaya nyingi mfululizo, na kila moja iliongeza uchafu wake kwenye sauti. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko akielekea kazini New York, akachora wazo lake juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo: chukua sehemu ya kinachotoka, irudishe mwanzoni ipunguze kinachoingia. Huo ndio mrejesho hasi. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, aliiomba mwaka 1928 akaipata 1937. Unaweza kuwaelewa waliosita, kwani ni nani atengeneze amplifaya yenye nguvu kubwa kisha aitupe nguvu hiyo makusudi? Lakini aisi yako ya 741, kile kijidude chenye amplifaya nzima ndani yake, inafanya hivyohivyo kila sekunde. Peke yake inakuza mara laki moja na zaidi, nawe unaibana kwa rezista mpaka ikubali kukuza mara kumi au mia.

Sasa tuje kwenye mchoro wako. Umeweka volyumu ya kiloomu 100 kati ya mguu wa 6 wa aisi (sauti inakotokea) na mguu wa 2 (mrejesho unakoingilia), na rezista ya kiloomu 1 kutoka mguu wa 2 kwenda ethi, yaani sifuri ya volti. Hesabu yako ni sahihi: moja kujumlisha 100 gawanya kwa 1, geini ya juu 101. Lakini angalia pini za volyumu yenyewe. Umetumia ya kati na ya pembeni, ya tatu umeiacha inaning'inia. Ndani ya volyumu kuna ulimi wa bati unaoburuzwa juu ya kaboni, na kaboni ikichakaa au ikiingia vumbi, ulimi unaruka. Unaporuka, hata kwa kitambo kidogo sana, mrejesho umekatika na aisi imebaki na zile laki zake. Mguu wa 6 unakimbilia mwisho wa volti za betri, na spika inalipuka. Kishindo chako ndicho hicho. Mimi kosa hilohilo liliniunguzia koili ya spika niliyoazima, na mpaka leo mwenyewe hanisalimii kwa moyo mweupe.

Dawa ya haraka ni kuunganisha ile pini inayoning'inia na pini ya kati. Ulimi ukiruka, kaboni yote ya kiloomu 100 bado iko kazini, na geini haiwezi kupita 101. Ni waya wa sentimita moja tu.

Lakini hata hivyo utakuwa umeachia hitilafu iipandishe sauti, na mimi napenda hitilafu iishushe. Kwa hiyo fanya kinyume. Kati ya mguu wa 6 na wa 2 weka rezista ya kudumu ya kiloomu 100. Kutoka mguu wa 2 kwenda ethi panga kwa mfululizo rezista ya kiloomu 1, volyumu ya kiloomu 10 (pini ya kati na ya pembeni zimefungwa pamoja kama nilivyosema), na kapasita ya mikrofaradi 47. Geini sasa inatembea kutoka 10 hadi 101. Ulimi ukiruka, inaanguka hadi 10, na majirani hawajui kama kuna kitu kimetokea.

Hiyo kapasita usiidharau. Inazuia volti tulivu, ile isiyopanda wala kushuka kama ya betri, isipite kwenye volyumu, na mkwaruzo mwingi unaousikia unatokana na volti hiyo kukatwakatwa na ulimi. Kwa kiloomu 1 na mikrofaradi 47, mpaka wa chini unakuwa karibu na hezi 3.4, kwa hiyo besi yako haiguswi.

Kuna kero moja utaikuta. Ukitumia volyumu ya kawaida ya mstari sawa, nusu ya kwanza ya mzunguko itakupandisha kutoka desibeli 20 (ndiyo geini 10) hadi 25 tu, halafu nusu iliyobaki inakurusha mpaka 40 (ndiyo geini 100). Mkono utaona kama sauti imelala, kisha ghafla imeamka na hasira. Ili katikati ya mzunguko upate desibeli 30, volyumu inatakiwa ionyeshe kama kiloomu 2.3 pale katikati, si 5. Ya logi, ambayo hupanda polepole mwanzoni na haraka mwishoni, inakaribia huko vizuri zaidi, ila itabidi uikubali ikizunguka kinyumenyume, au utafute ile ya logi iliyogeuzwa.

Sauti kupoteza ukali ni habari fupi. 741 ina megahezi 1 ya kugawana kwa geini: geini ikiwa 100, inakuachia kilohezi 10 tu, na matoazi yanaishi juu ya hapo. Weka aisi ya TL071, inakaa kwenye miguu ileile na ina megahezi 3. Au gawanya kazi kwa hatua mbili za geini 10 kila moja. Mimi ningegawanya.

Umeuliza pia kuhusu geini inayojishusha yenyewe mtu akipiga kelele kwenye maikrofoni. Transista za aina ya FET zinaweza kutumika kama rezista inayoendeshwa kwa volti, lakini zinavumilia mawimbi ya milivolti chache tu kabla hazijapotosha. Kwako ningeanza na taa ya LED inayotazamana na rezista ya mwanga, zote mbili zimezungushiwa utepe mweusi. Sauti ikizidi, LED inawaka, rezista ya mwanga inashuka, na kwa kuwa utaiweka kati ya mguu wa 6 na wa 2, geini inashuka nayo. Inarudi polepole, jambo ambalo kwa sauti ya mtu linapendeza zaidi kuliko kurudi kwa pupa. Ila jiulize: LED ikifa je? Gizani rezista hiyo inapanda hadi megaomu, na utakuwa umerudi kwenye kishindo chako. Iache ile kiloomu 100 palepale sambamba nayo. Usiitoe.

Kabla hujachomelea chochote, nifanyie jambo moja. Chomoa maikrofoni, weka mita kwenye mguu wa 6, kisha zungusha volyumu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sindano ikitembea pamoja na mkono wako, niandikie imetoka volti ngapi hadi ngapi. Na ikibaki kwenye sifuri bila kutikisika, basi mkwaruzo wako una chanzo kingine, nami nitaomba unitumie mchoro wa hatua inayofuata, safari hii kwa kalamu ya wino.

Nisalimie wote.

Wako,
Selemani