Spika zinasingiziwa bure

Mhariri,

Wanaosikiliza muziki kwa kompyuta hupitisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi amplifaya, kisha hulaumu spika zikivuma. Kosa ni la tundu: mara nyingi hunasa kelele za umeme wa saketi jirani. Tumieni kigeuzi cha sauti cha nje (kifaa kinachogeuza data za kompyuta kuwa mawimbi ya sauti) kinachochomekwa USB, na kutoka hapo waya za RCA, zile za plagi nyekundu na nyeupe, hadi amplifaya. Kompyuta kuukuu yatosha. Mvumo ukikoma pindi chaja ya laptopu inapochomolewa, tatizo ni ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Chomekeni vyote kwenye soketi moja, wala msikate waya wa ethi, ni hatari.

Nyimbo nunueni za FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, biti 16 na kHz 44.1, ubora uleule wa CD. Bandcamp, duka la muziki mtandaoni, wanazo. Ila wajanja mitandaoni hugeuza MP3, ambayo sauti yake imekwisha kupunguzwa, kuwa FLAC, faili linanenepa bure. Lifungueni kwa programu ya Spek, inayochora masafa ya sauti: masafa yakikatwa ghafla karibu na kHz 16, shukuni. Taarabu za kanda za zamani msizihukumu hivyo. Masafa yake hufifia taratibu, ndivyo zilivyorekodiwa.

Fundi redio,
Tanga