Farasi wa Kathiawar apewe jina lake

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu farasi wa India niliisoma kwa hamu, lakini imewadhulumu farasi wa kwetu. Mwandishi amemwita kila farasi mwenye masikio yaliyopinda Marwari. Marwari ni wa Rajasthan. Babu yangu alifika Mombasa kwa jahazi kutoka Porbandar, pwani ya Kathiawar huko Gujarat, na jamaa zetu waliobaki kule wanafuga Kathiawari, mbegu yenye nasaba yake.

Mjomba wangu karibu na Rajkot ana jike mmoja wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweusi mgongoni na milia hafifu miguuni. Ukisimama mbele yake akakuelekezea masikio, ncha zake hugusana juu ya utosi. Mlango ukilia nyuma, sikio moja huzunguka kuufuata mlio na la pili hubaki kwako. Marwari naye masikio yake yamepinda, ila ya Kathiawari hupinda zaidi. Tena Marwari ni mrefu kumpita. Kathiawari hufika kama sentimita 147 begani, paji lake ni pana, uso umebonyea kidogo katikati na pua ni ndogo. Mweusi tititi hutamwona.

Asili yake ni farasi wa huko huko magharibi mwa India, waliochanganywa na damu ya Kiarabu. Kwa karne nyingi farasi wa Arabuni na Ghuba walivushwa baharini hadi bandari za India, kwa pepo zilezile za msimu zilizoleta majahazi kwetu. Watawala wa Kathiawar walimtaka farasi wa vita anayevumilia jua na chakula haba, na kila nyumba ya kifalme ilitunza ukoo wake wa farasi. Koo hizo zilihesabiwa kwa upande wa mama na kuitwa kwa majina ya majike walioanzisha uzao. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na makala haikuligusa hata kwa sentensi moja.

Mwaka 1948 tawala zaidi ya 200 za rasi ile ziliunganishwa kuwa jimbo moja. Wafalme walipopoteza mamlaka na mapato, mazizi mengi yakafifia. Waliookoa mbegu ni wafugaji wa kawaida kama mjomba, pamoja na zizi la serikali pale Junagadh. Polisi wa farasi nao wamewatumia, kwa kuwa wana stahamala. Wana pia mwendo wa telki ambao mpanda farasi hasumbuki juu ya tandiko, hata safari iwe ndefu.

Naomba toleo lijalo mrekebishe habari hiyo na mchapishe picha ya Kathiawari, ipigwe kwa mbele ili masikio yaonekane, na jina lake liandikwe chini.

Msomaji wenu,
Ganjoni, Mombasa